Bangi Isiyofika Kiuno

Hapo zamani, juu kwenye milima ya Igomba, ambako ukungu huamka kabla ya watu na kulala baada yao, palikuwa na mtawala aliyeitwa Mfumwa Mauya. Mfumwa ndilo jina la mtawala kwao. Huyu alikuwa na tumbo, alikuwa na askari, na alikuwa na sheria. Nawaambia mapema kwamba simpendi, msije mkaniuliza mbele ya safari kwa nini namsimulia hivi.

Kwa desturi ya Igomba, mtoto ambaye hajafika kiuno cha baba yake ni wa jiko la mama yake. Akipita kiuno, ni wa baba. Mauya akaichukua desturi hiyo akaipeleka shambani. Akasema, "Bangi iliyopita kiuno cha mtu ni yangu. Isiyofika kiuno ni ya aliyeipanda." Watu wakaona ni haki. Kumbe bangi ya Igomba ilikuwa ndefu kama mwanzi, ilipita kiuno kabla ya kutoa hata ua moja! Basi yote ikawa yake.

Na watu waliihitaji. Unyevu wa kule huingia magotini, na wazee walichemsha majani yake wakakanda viungo. Wengine waliivuta tu jioni wakacheka, tusidanganyane. Sasa mwenye goti bovu alilazimika kwenda langoni kwa Mauya, alipige goti hilohilo chini, aombe konzi ya majani aliyoyapalilia mwenyewe. Hilo liliwachoma watu mioyo.

Aliyechoka wa kwanza ni Senkondo, mchuuzi wa chumvi. Huko tambarare, kwenye nchi kavu, aliona bangi fupi, imejikusanya kama kuku anayeatamia. Akaweka mbegu chini ya ulimi akapanda mlima. Njiani askari wa Mauya wakamkamata. "Umebeba nini?" Kimya. Wakampiga. "Sema!" Kimya. Wakampiga mpaka taya likapinda. Kimya. "Kumbe bubu huyu," wakasema, wakamwachia. Alipofika nyumbani alizitema mbegu kwenye kiganja cha shangazi yake, Nakiete, zikiwa zimelowa damu. Mpaka leo Senkondo hutafunia upande mmoja.

Nakiete akapanda. Mbegu za nchi kavu hazikuujua ukungu. Zilichipua vizuri, zikachanua vizuri, kisha maua yakaota kuvu yakaoza. Michache iliyosalia akaiotesha karibu na ile mirefu ya nyumbani, chavua ya huu ikaangukia ua la ule, akapata watoto wa kila namna. Mirefu akang'oa. Milegevu akang'oa. Iliyonuka bangi akang'oa pia, maana askari wa Mauya walikuwa wakipita wakinusa, na walichokinusa walikifyeka bila kupima kitu. Akapanda tena, akang'oa tena, mwaka hadi mwaka, akazeekea humo, mpaka akapata mmea mfupi, mnene, unaonukia mapera yaliyoiva. Askari walipita hapo wakimeza mate.

Lakini masika yaliposhika, vile vishada vya maua vilivyosongamana vikakaa na maji katikati, vikaoza kwa ndani. Nakiete akakaa chini akalia.

Hapo ndipo akaja Nanzia, jirani yake, mjane. Mumewe alifia langoni kwa Mauya, magoti yamevimba, akisubiri zamu yake ya kuomba. Nanzia akasema, "Mama Nakiete, nyamaza. Nipe hizo mbegu zilizobaki." Akainua matuta ya kufika magotini ili maji yateremke. Akaiachia miche nafasi ili upepo upite, akapunguza majani ya chini. Kila alfajiri alipita akitikisa umande, mmea mmoja mmoja, hata siku alizokuwa na homa. Masika yakaja, masika yakaondoka, hakikuoza kitu.

Basi wenye magoti mabovu wakawa wanaenda kwa Nanzia, na lango la Mauya likawa jeupe. Haji mtu kuomba. Mauya akauliza, "Wamepona wote?" Akashuka mwenyewe na askari wake mpaka shambani kwa Nanzia. Akasimama mferejini, kati ya matuta, akajipima. Mmea ukampita kiuno!

"Fyekeni," akasema.

Nanzia akasimama mbele ya mapanga. "Mfumwa, mmea umesimama juu ya tuta, wewe umesimama shimoni. Panda juu tupimane."

"Unaniamuru mimi?"

"Sheria yako ndiyo inayokuamuru. Panda!"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa pale, nao wakaitikia, "Panda! Panda!" Mauya akapanda, huku akishikwa mkono asianguke. Mmea ukamfika pajani. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi ningekuwepo ningepiga.

Lakini Mauya hakuwa mjinga. Akaketi palepale juu ya tuta, akatabasamu. "Nimeshindwa. Ila na ninyi mna desturi yenu. Mbegu mpya hulala nyumba moja tu, na mwenye nyumba ndiye mwenye neno juu yake. Nionyesheni nyumba hiyo kabla ukungu haujainuka. Kisicho na mwenyewe ni changu."

Kikapu cha mbegu kikawekwa katikati.

Senkondo akasema, "Kilale kwangu. Ningefungua mdomo, leo mngekuwa mnabishania nini? Nyinyi mmetoa jasho, mimi nimetoa damu."

Nakiete akasema, "Mwanangu, ulileta mmea uliooza. Huu hukuuleta wewe, haukuwepo popote duniani. Nimeuzaa mimi. Kilale kwangu."

Nanzia akasema, "Shikamoo mama, lakini mtoto wako alikuwa anakufa. Nimemlea mimi. Na panga lilipoinuliwa, mlisimama wapi? Kilale kwangu."

Senkondo akang'aka, "Matuta yako ndiyo yaliyotaka kutuponza!"

"Na taya lako limetikisa umande wa mmea upi?" Nanzia akajibu.

Nakiete akakivuta kikapu. Nanzia naye akakivuta. Senkondo akaweka mguu kati yao. Juu ya tuta Mauya alikuwa anautazama ukungu, na ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kutoka bondeni, unapanda taratibu, miti ya chini inaonekana.

Haya, nyinyi mlioketi hapa. Naona wewe umekwisha kumgeukia mwenzako, na wewe kule umenyoosha kidole. Bishaneni, lakini semeni upesi, maana Mauya anawasikia na anafurahi. Kikapu ni kimoja na nyumba ni moja. Je, nani alistahili?