Aliyetokea Upande wa Msitu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma siwasikii? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo kale walikuwapo mashoga wawili, Mize na Saumu, chanda na pete. Saumu alikuwa msemaji kama chiriku. Mize yeye alikuwa mtu wa kutazama.

Siku moja Saumu akasema, "Shoga, kila siku tunaishia ufukweni. Maji yakitoka, tutembee juu ya mwamba mpaka ng'ambo, tukauone na ule msitu."

"Msitu wa zimwi?"

"Zimwi nani kaliona? Twende bwana!"

Basi maji yakatoka, wakaenda. Wakaona matumbawe ya manjano na ya zambarau, wakaona viti vya pweza vyekundu, vyenye umbo la nyota, na samaki wadogo waliobaki vidimbwini. Saumu anasema, anacheka, anasema tena. Mwisho wa mwamba wakakuta pango, mlango mmoja umeelekea baharini, wa pili msituni. Saumu akatangulia. Mize akabaki nyuma kidogo, amemwinamia pweza anayebadili rangi.

Mara akasikia, "Shoga, njoo! Nimeshatokea huku!"

Mize akaingia gizani. Katikati ya pango akasikia ko, ko, ko. Akadhani ni maji yanadondoka, akapita. Alipotokea msituni akamkuta Saumu amekaa juu ya mzizi, anamngoja.

Wakashika njia. Miti mirefu, jua halifiki chini, na hata ndege walikuwa kimya. Saumu naye hasemi neno.

"Shoga, mbona kimya?"

"Nimechoka, shoga."

Mize akanyamaza, lakini moyo ukamwambia: huyu siye.

Wakaenda, wakaenda. Saumu akakanyaga miiba kwa mguu mtupu, asishtuke.

"Shoga, mbona huumii?"

"Nimezoea, shoga."

Mize akanyamaza, lakini moyo ukamwambia: huyu siye.

Wakaenda, wakaenda. Saumu akaokota konokono, akamtafuna na gamba lake, karu, karu, karu.

"Shoga, mbona wamla hivyo?"

"Njaa, shoga. Lakini kwangu si mbali."

Kwangu? Kwao Saumu kulikuwa nyuma yao, ng'ambo ya mwamba! Na ile ko, ko, ko ikamrudia Mize masikioni. Maji hayagongi vile.

"Shoga, nimeangusha kisu changu pangoni. Ningoje, naja sasa hivi."

Akaondoka polepole. Alipopita nyuma ya mti mnene, akatimua mbio.

Pangoni bahari ilikuwa imeanza kurudi, maji yamefika magotini. Ko, ko, ko. Mize akapapasa ukutani, akakuta shimo limezibwa kwa jiwe. Kwenye upenyo, kwa mwanga hafifu wa mlangoni, palitokeza mkono umeshika kokoto, unagonga.

"Nani wewe?"

Kimya. Anayehema anasikika, lakini sauti haitoki.

Mara kutoka mlango wa msituni sauti ya Saumu ikalia, "Mize! Usiondoe jiwe! Hilo ndilo zimwi! Mimi ndiye Saumu, shoga yako!"

Mize akaduwaa. Sauti ni ya Saumu, haina shaka. Akiliondoa jiwe, na humo mna zimwi, amekwisha. Akiliacha, na humo yumo Saumu, Saumu atazama. Maji yakafika kiunoni.

Basi akapaza sauti, "Saumu! Mdogo wako alisemaje tulipoondoka?"

Yule wa mlangoni akajibu upesi, "Maskini, alilia! Alitaka tumchukue!"

Ule mkono wa shimoni ukaangusha kokoto, ukatikisa kidole: hapana, hapana, hapana.

Wanangu, Saumu hakuwa na mdogo. Kwao alizaliwa peke yake.

Mize akalisukuma jiwe kwa bega, likakataa. Akalisukuma tena, likakataa. Akalisukuma mara ya tatu huku analia, likabingirika. Saumu akaporomoka mikononi mwake, ametapakaa tope.

Hapo zimwi likavua sura ya watu, likajitosa ndani na makucha yake. Lakini zimwi la msituni halijui kuogelea. Wimbi lilipolipiga kifuani, likarudi nyuma. Likafungua kinywa lingurume, ikatoka pumzi tupu. Sauti ya wizi ilikuwa imeliponyoka pamoja na ile sura.

"Mize!" Saumu akaita. Sauti imerudi kwa mwenyewe!

Wakapiga mbizi, wakatokea upande wa bahari, wakaogelea juu ya mwamba mpaka ufukweni. Mize akatangulia kusimama, akamnyooshea mwenzake mkono.

Saumu hakuushika. Alimtazama, akarudi nyuma kidogo.

"Niambie kwanza," akasema. "Mama yangu huniitaje nikimchosha kwa maneno?"

"Kasuku asiye na tundu," Mize akajibu.

Hapo ndipo Saumu alipoushika ule mkono, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Hadithi yangu na iishie papo hapo. Sura huazimwa, na sauti huibwa. Moyo ukikwambia "huyu siye", usiupuuze, ila uliza kwanza ndipo uamue.