Mchanga wa Mwanashee

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mchanga!"

"Umelala wapi?"

"Mlangoni kwa jirani!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga kule nyuma, tafuna polepole, nisikie ninachosema.

Hapo zamani palikuwa na mji mdogo chini ya vilima vya mchanga. Kila mwaka upepo mkali ulivuma, ukauchota mchanga ule na kuumwaga mjini. Watu wakiamka, milango imefukiwa nusu. Desturi ya mji ilikuwa hii: vijana walishika machepe, wakajaza makapu, wakaubeba mchanga hadi pwani. Wazee waliwaombea dua. Dua tu, basi!

Katika mji huo aliishi msichana, jina lake Mwanashee, na bibi yake, Bi Zena. Mwanashee alikuwa na mikono yenye nguvu, na ulimi wenye nguvu zaidi. Alitamani kitu kimoja: kuku wake mwenyewe, atakayetaga, atakayeangua, amwanzishie banda.

Basi upepo ulipovuma mwaka huo, Mwanashee akasema, "Bibi, safari hii sizoi bure. Jasho langu si maji ya kisima."

"Mwanangu, jirani halipishwi."

"Jirani anakula, bibi. Na mimi nataka kula."

Bi Zena akacheka, kwa sababu alimpenda sana mjukuu wake, hata ubishi wake aliupenda. "Haya, nenda. Lakini mchanga upeleke pwani."

Mwanashee akatoka na chepe, kapu akaliacha. Mnaona? Mimi nimeliona kapu lile limeachwa, nikajua hapa pana jambo.

Akaanza mwanzo wa mtaa, upande wa juu, kwa Mzee Famau, msuka mikeka, mwenye magoti mabovu. "Mzee, nikuzolee kwa mayai?" Mzee akakubali. Pwani mbali, jua kali. Mwanashee akatazama huku na huku, akausukuma mchanga wote hadi mlango wa pili, huku akiimba:

*Zoa, sukuma! Zoa, sukuma!*
*Hapa peupe, kule si kwangu!*

Akapeleka mayai nyumbani. Bi Zena akauliza, "Mchanga umeutia wapi?"

"Kule, bibi."

Mlango wa pili ni wa Bi Khuzaima, mpika vitumbua. Alipofungua, lo! Mchanga wake na wa Mzee Famau! "Mwanashee, mwanangu, niokoe!" Mwanashee akaokoa, kwa nazi kubwa kubwa. Akausukuma hadi mlango wa tatu.

*Zoa, sukuma! Zoa, sukuma!*
*Hapa peupe, kule si kwangu!*

Akapeleka nazi nyumbani. "Mchanga umeutia wapi?"

"Kule, bibi."

Mlango wa tatu ni wa Mwinyi Haji, bahili aliyehesabu hata punje za wali. Lakini mchanga ulikuwa umefika dirishani, na mwenyewe yuko ndani anapiga kelele. Akalia, akalalamika, mwisho akatoa kuku. Kuku, jamani! Mweusi, mnene, mwenye macho ya werevu! Mwanashee akasukuma kwa furaha, akaurundika mchanga wote kwenye kiwanja kitupu mwisho wa mtaa.

*Zoa, sukuma! Zoa, sukuma!*
*Hapa peupe, kule si kwangu!*

Akapeleka kuku nyumbani, akamfunga mguu jikoni. "Mchanga umeutia wapi?"

"Kule, bibi!" Akakimbilia kwa shoga yake kusukwa nywele na kumsimulia habari za kuku.

Sasa niambieni. Mbele ya kiwanja kile palikuwa na nyumba gani? Msiseme! Mwacheni asukwe kwanza.

Upepo ukarudi. Ukalikuta rundo lile laini, halijashikana, ukalibeba lote. Mwanashee aliporudi na nywele zake nzuri, hakuona mlango wa kwao. Hakuona kizingiti. Aliona mlima, na juu yake kidirisha kimoja kidogo cha jikoni.

"Bibi! Bibi, uko hai?"

Sauti ikatoka kidirishani:

"Mjukuu wangu, sasa nimejua kule ni wapi."

Mwanashee akalia, akachota mchanga kwa chepe, kwa mikono, kwa upindo wa kanga. Akitoa, unaporomoka. Akitoa, unaporomoka. Akitoa, unaporomoka tena. Akaona hawezi peke yake. Akakimbia kwa majirani.

"Mzee Famau, nisaidie, bibi amefukiwa!"

"Utanilipa nini?"

"Mayai yako yamo ndani, mzee. Nazi zimo ndani. Kuku yumo ndani. Sina kitu. Na mchanga ule ni mimi niliyeusukuma kutoka kwako."

Mzee akachukua kapu, akaanza kuteremka na magoti yake, akiguna kila hatua. Bi Khuzaima akaja na kapu. Hata Mwinyi Haji akaja, akilalamika njia nzima, lakini alikuja! Wakapanga mstari kutoka mlangoni hadi pwani, kapu likipita mkono kwa mkono. Mwanashee alisimama kwenye sehemu ngumu zaidi, wala hakuimba.

Mara wakasikia harufu kidirishani. Mayai yanakaangwa. Kisha tui la nazi. Kisha... Mwanashee akaacha chepe. "Bibi! Si kuku wangu!"

"Zoa, mwanangu, zoa!"

Mlango ulipofunguka, Bi Zena alikuwa ameketi mbele ya sinia kubwa, mzima kabisa, tena mchangamfu. Mwanashee akamrukia, akamkumbatia, akalia begani mwake.

"Wafanyakazi wako wana njaa," bibi akasema. "Nimewalipa kwa ujira wako. Wanawishe mikono."

Akawanawisha wote. Mwinyi Haji akala paja la kuku wake mwenyewe, akasema hajapata kula kitu kitamu namna ile.

Tangu siku hiyo Mwanashee aliendelea kuzoa. Mwenye uwezo alimlipa, naye alipokea bila haya. Kwa Mzee Famau alizoa bure, na mzee akamsukia kapu jipya lenye mikono imara. Na mchanga? Wote pwani!

Ngano yangu nimeizoa yote, sikubakisha hata punje. Ikiwapendeza, ibebeni kwenu. Isipowapendeza, imwageni pwani, si mlangoni kwangu!