Kwa Nini Kuku Huatamia Hata Jiwe

Mrudisheni huyo kuku bandani, na maji ya hiyo ndoo mwagieni mboga. Najua mnataka aache kuatamia ili arudi kutaga. Mtamchovya leo, mtamchovya kesho, mtamfunga mguu kwa kamba, na bado atarudi kulalia gunzi la mahindi. Kaeni chini niwaambie alivyofikishwa hapo, maana hakuumbwa hivyo.

Enzi hizo watu na kuku walikuwa bado wanasemezana, na kuku hakuwa na ukali wowote. Kila alipotaga alimwambia mwenye nyumba: haya ni yenu ya kula, au, haya ni ya wanangu. Ya kula yalichukuliwa. Ya watoto hayakuguswa, hata kama nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Akiatamia, aliinuka alipotaka, akaenda kuoga vumbi na kutafuta mchwa, na mwanamke wa nyumba akayafunika mayai kwa kitambaa yasipoe. Akirudi aliyakuta kama alivyoyaacha, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuyakagua.

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi, na kuku wake alikuwa ameweka mayai ya watoto nyuma ya kihenge cha mtama. Ulikuwa uzao wake wa kwanza. Mama mkwe wa Nyamizi akaja kusalimia. Kwa watu wale mama mkwe halishwi mboga za majani. Ukimwekea majani umemfukuza. Nyamizi akampikia mayai ya kula mpaka yakaisha. Mgeni aliyesema anapita tu akakaa mpaka mtama ukaanza kukauka shambani, na nani angethubutu kumuuliza anaondoka lini?

Siku moja kuku alipotoka, Nyamizi akachukua yai moja la watoto. Mahali pake akaweka jiwe jeupe la mtoni, akalipasha moto kwanza jikoni ili lisimshtue mwenzake. Kesho yake akachukua lingine. Kuku akauliza, "Mwenzangu, mbona leo wanangu ni wazito?"

Nyamizi akamjibu bila kumtazama, "Wanakua."

Jibu hilo, wajukuu zangu, linanichoma mpaka leo. Yule kuku alifurahi! Alikwenda uani kuwaambia kuku wenzake kwamba wanawe wanakua. Mama mkwe alipoaga hatimaye, ameshiba na kubarikiwa, nyuma ya kihenge yalikuwa yamebaki mawe matupu.

Muda wa kuangua ukafika, ukapita. Kuku akakataa kuinuka, akisema wanawe watatoka yeye hayupo. Akaacha kula. Akajinyonyoa manyoya ya kifuani ili joto liwafikie vizuri, ngozi ikabaki wazi, na kile kilemba chake chekundu kikapauka. Nyamizi kila akipita pale aligeuza uso.

Mwisho akapiga magoti. "Nisamehe, mwenzangu. Hayo ni mawe. Wanao niliwapika."

Kuku akamtazama sana. "Ulisema wanakua."

"Nilikudanganya."

"Basi labda sasa ndiyo unanidanganya," akasema kuku, akakunjua mabawa na kuyafunika mawe vizuri zaidi.

Nyamizi akakimbia kwa jirani, akaomba yai moja lililokaribia kuanguliwa. Kifaranga alikuwa tayari analia ndani. Akalibeba kwa mikono miwili, akarudi nalo upesi, akaingiza mkono chini ya kuku. Kuku aliisikia ile sauti, lakini mkono aliuona kwanza. Akaudonoa kwa nguvu zote zilizombakia. Yai likaanguka sakafuni, likapasuka, na kifaranga akatapatapa kidogo, akanyamaza. Nyamizi alilia kama aliyefiwa. Kuku hakugeuka hata kutazama. Alikuwa amesharudi kuyapasha mawe joto.

Yale ya kudanganywa ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho kati ya kuku na watu. Na tangu siku hiyo, kuku aatamiaye humdonoa kila anayenyoosha mkono, hata aliyemletea chakula. Hujinyonyoa kifua, hukonda, hulalia gunzi, kiatu, jiwe, hata mchanga mtupu. Sisi tunamwita mjinga, tunamtumbukiza kwenye maji. Hajui tena kilicho mwanawe na kisicho mwanawe, na tuliokuwa wa kumwambia ni sisi, nasi hatatuamini.