Fahali Aliyeogopa Daraja

Leo sianzi na neno gumu. Wanakwaya, kaeni. Mzee Luvanda, hiyo saa irudishe mfukoni, hatuchelewi popote. Nataka kuwasimulia jambo. Najua ni mchana, na najua mlivyolelewa: ukisimulia hadithi jua likiwaka, unaota mkia. Basi kama ni kuota, leo tutaota kanisa zima, na mimi mchungaji wenu nikiwa wa kwanza.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa viazi, mwanamume wa miraba minne. Gunia la viazi alilirusha mgongoni kama Mama Atupele pale anavyotupia kitenge begani. Ng'ombe wa kulima akigoma, anaitwa yeye, na ng'ombe akimwona tu anabadili mawazo. Kijiji kizima kilimheshimu, na yeye mwenyewe alikuwa anaipenda sana hiyo heshima.

Sasa kijiji kile kilikatwa na mto. Njia za kuvuka zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa daraja la kamba na mbao, dakika tano uko ng'ambo. Ya chini ni pale maji yanapotandaa yakawa haba, lakini unazunguka saa nzima na ushee. Mkulima wetu siku zote alipita chini. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Punda wangu hapendi daraja."

Haya, sawa. Lakini jamani, hata siku ambayo punda amebaki zizini, bwana huyu alizunguka! Kuna harusi ng'ambo, anazunguka. Kuna msiba, anazunguka, akifika watu wameshazika wanakunywa chai. Maskini punda, alisingiziwa miaka kumi na miwili.

Ukweli ni kwamba aliliogopa lile daraja. Likitikisika kidogo tu, magoti yake yanakuwa uji. Msiniulize sababu. Hofu huwa haitoi maelezo.

Mkewe alijua. Mke gani asiyejua? Lakini alinyamaza. Utamwambiaje mwanamume wa miraba minne kwamba ni mwoga? Hebu jaribuni leo mkifika nyumbani, halafu mje mniambie kilichowapata.

Basi mama yule alikuwa na binti yao wa miaka tisa. Kila jioni, jua likishazama, wakikaa jikoni kupukuchua maharage, mama anaita, "Hadithi, hadithi!" Binti anajibu, "Hadithi njoo!" Na baba yuko hapo hapo mlangoni, kajipa kazi ya kuchonga mpini wa jembe.

Hadithi ilikuwa ile ile. Palikuwa na fahali mwenye nundu kubwa na pembe ndefu, zizi zima linamwogopa. Lakini akikanyaga daraja na kuona maji yanapita chini yake, anatetemeka. Siku moja mto ukafurika, na majani yote yako ng'ambo. Fahali akasimama darajani, akaacha kutazama maji, akatazama mkia wa ndama aliyemtangulia. Kisha akauambia mguu wake, "Mguu, tangulia, mimi nakufuata." Mguu ukaenda, naye akaufuata. Akauambia wa pili, na wa tatu, na wa nne, mpaka akafika kwenye majani.

Baba alikuwa anaguna. "Mama, unamjaza mtoto uongo. Fahali anaongea na miguu yake? Mfundishe hesabu huyo, zitamsaidia."

Mama anasema, "Hadithi imekukera, eeh? Pole. Endelea na mpini wako."

Sasa mama yule alikuwa mjamzito. Siku zilipokaribia, akavuka na binti yake kwenda kwa wazazi wake, maana zahanati iko upande ule. Akajifungua salama, mtoto wa kiume, tena mzito kweli kweli. Tumshukuru Mungu! Lakini siku ile ile mvua ikaanza, mvua yenyewe ikawa haina huruma. Njia ya chini yote ikawa mto.

Na kijiji kile kina desturi yake. Mtoto hapewi jina mpaka baba yake ampakate. Baba ana siku saba. Ya saba ikimalizika hajaonekana, wajomba ndio wanaotoa jina. Na wajomba wa mtoto huyu walikuwa watu wa utani, Mungu awasamehe. Wakasema, "Shemeji asipofika, mtoto ataitwa Chelewa."

Chelewa! Hebu fikirini. Mtu anakua, anaoa, anazeeka, mvi kichwani, wajukuu wamemzunguka, na bado anaitwa Mzee Chelewa kwa sababu ya magoti ya baba yake!

Siku ya kwanza, habari zilipomfikia, baba akaenda kutazama maji kule chini. Ya pili akaenda. Ya tatu, ya nne. Ya sita akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akalia. Nawaambia alilia, mwanaume mzima. Alimtaka yule mtoto. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kumpakata, na kati yao kulikuwa na mbao arobaini tu.

Siku ya saba, mvua imekatika na jua linakaribia utosini, mlango ukagongwa. Ni binti yake. "Shikamoo baba. Mama amenituma nije nikuchukue."

"Marahaba mwanangu. Umepita wapi?"

"Darajani, baba. Kwani kuna njia nyingine?"

Baba akachungulia nje. Punda alikuwa zizini anamtazama, naye safari hii hakutaka kumsingizia. Akavaa shati lake la kanisani, akamfuata mtoto.

Mbao kumi za kwanza alikwenda vizuri. Ishirini, jasho likaanza. Katikati, daraja likayumba, baba akashika kamba mbili, akafunga macho, akakwama. Huku hawezi kurudi, kule hawezi kwenda. Binti akageuka, akamwona. Hakumcheka. Hakumwambia "jikaze". Aliita kwa sauti yote, mchana kweupe:

"Hadithi, hadithi!"

Baba, macho bado kafunga, akasema, "Mwanangu, wewe! Jua liko utosini! Tutaota mikia!"

"Tuote, baba, ili mradi tufike. Hadithi, hadithi!"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Hadithi njoo."

"Palikuwa na fahali mwenye nundu kubwa, zizi zima linamwogopa. Alipofika katikati ya daraja, akauambia mguu wake..." Binti akanyamaza, akasubiri.

Na yule baba aliyekuwa akiguna kila jioni, yule aliyesema ni uongo mtupu, akafungua macho, akatazama mgongo wa binti yake, akasema neno kwa neno, "Mguu, tangulia, mimi nakufuata."

Kumbe alikuwa anasikia!

Mguu ukaenda. Akausemesha wa pili. Kufika ubao wa mwisho alikuwa anapiga kelele mpaka wachunga mbuzi wa ng'ambo wakasimama kushangaa: "Mguu, tangulia! Mimi nakufuata!" Alipokanyaga ardhi alimbeba binti yake juu, akacheza naye pale pale kwenye tope, na shati la kanisani likaharibika, na wala hakujali.

Wakafika kwa wakwe jua likiwa bado juu. Wajomba wamekaa barazani, vinywa tayari. Baba akaoga, akamchukua mwanawe, akampakata. Wakamwuliza, "Haya shemeji, jina?" Akasema, "Huyu anaitwa Tangulia." Vigelegele vikapigwa mpaka mtoto akaamka.

Mambo yalipotulia, akamwambia mkewe taratibu, "Mama, nilikosea. Nilidhani unapoteza muda. Hadithi yako imemtoa binti yetu woga, leo nimeona kwa macho yangu."

Mkewe akacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Woga gani? Huyu analivuka lile daraja kila Jumamosi kuja kwa bibi yake, tena anarukaruka kwa mguu mmoja. Huyu hakuwahi kuogopa kitu."

"Sasa hadithi ilikuwa ya nani?"

"Baba Tangulia," akasema, "mpini mmoja uliuchonga miezi miwili hauishi. Ulidhani namsimulia nani?"

Mnacheka. Chekeni, mimi nilipoipata hadithi hii nilicheka pia. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona mpini wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi tunasema hadithi ni za watoto. Tunamwachia bibi, bibi asipokuwepo tunamwachia simu, na sisi tunakaa mlangoni tukiguna. Bwana wetu je? Alipotaka kutufundisha sisi wenye ndevu, si alitusimulia mifano ya mpanzi, na kondoo, na shilingi iliyopotea? Alijua sikio la mtu mzima. Ukiliambia "wewe mwoga", linajifunga. Ukilisimulia habari za fahali, linasogea karibu na jiko.

Tumwambie mtoto habari ya mtu aliyesema kweli ilipomgharimu. Tumwambie habari ya aliyeomba msamaha. Atajifunza, ndiyo, na siku ya shida atakuwa na neno la kujiambia. Lakini na wewe unayesimulia unasikia. Huwezi kumsimulia mtoto jioni fahali aliyevuka, halafu asubuhi ukazunguka njia ya chini kwa amani. Mtoto atakutazama tu, na utajua.

Na kila mmoja wetu ana daraja lake. Wapo humu ambao hawajasemezana na ndugu yao tangu msiba wa baba yao. Yupo anayetakiwa kumwambia mkewe jambo moja, na kila siku anapitia njia ya chini. Wote tuna punda wa kumsingizia. Nami nauliza: tusipovuka sisi, ni nani atakayeitwa Chelewa? Si sisi. Ni watoto wetu. Hofu tunayoificha sisi, wao ndio wanaoibeba kama jina.

Basi leo, kabla hujala, mwite mtoto wako. Kama huna, mwite wa jirani. Msimulie. Jua likiwa utosini, msimulie tu, mkia tutaukata pamoja. Na ukifika pale kwenye mguu, nyamaza kidogo, sikiliza ni nani anajibu.

Sasa tusimame tuimbe. Na wewe baba wa benchi la nyuma, unayetazama chini, nimekuona. Muache punda nyumbani. Mtoto yuko ng'ambo, na siku ya saba ni leo.