Reale Saba za Mahari

Ndugu zangu, nitegeeni sikio kidogo, na msije mkaniuliza baadaye duka ni la nani. Huu ni mfano tu. Wa kuguswa ataguswa.

Palikuwa na mnunuzi mmoja wa pesa za kale. Hasa zile reale za fedha zenye sura ya mama wa Kizungu, ambazo babu zetu walitolea mahari. Wageni wanazitafuta sana, na mjini zimejaa za bandia, bati lililopakwa weupe. Lakini bwana huyu hakuna aliyewahi kumuuzia bati. Huidondosha reale juu ya jiwe akasikiliza mlio, akaipima, akaisogezea sumaku, kisha akachungulia maandishi ya ukingoni kwa lenzi. Akisema hii bati, mji mzima unasema bati.

Siku moja akaja bibi mmoja mjane. Paa lake linavuja na masika yanakaribia. Akafungua fundo la kanga, akatoa reale saba.

"Mahari yangu hizi, mwanangu. Marehemu alinitia mkononi mwenyewe, na sijapata kuzitumia."

Mnunuzi akazidondosha moja moja. Mlio mzuri. Uzito sawa, sumaku haishiki, maandishi yamekaa mahali pake. Fedha safi, zote saba! Moyo ukamruka kwa furaha. Basi akafanya alichozoea kufanya, akakunja uso.

"Pole, bibi yangu. Hizi bati."

"Zote?"

"Zote. Rudi nazo tu nyumbani. Ukizichoka niletee, nitakupa chochote, kwa huruma."

Ndiyo ilikuwa mbinu yake. Mtu akilala na shaka siku mbili tatu hurudi mwenyewe, na bei anaipanga mnunuzi.

Bibi akazifunga tena kangani. Alipofika mlangoni akasimama, akasema peke yake, "Kumbe niliolewa kwa bati."

Siku ya tano hajaonekana. Mnunuzi akashindwa kuvumilia, akamfuata kwake. Akamkuta barazani, amenyong'onyea.

"Bibi, zile reale nimezifikiria. Nitazichukua hivyo hivyo."

"Nimezitupa chooni, mwanangu."

Yule bwana akageuka kutazama kule chooni. Lakini bibi hakuwa na habari ya reale.

"Miaka ishirini na mitatu, kila Ijumaa namsomea Yasini mume wangu. Ijumaa hii nimefungua msahafu, nikaufunga. Mtu kanidanganya tangu siku ya kwanza, nimsomee nini?" Akamtazama usoni. "Wewe ni mjuzi wa mambo haya. Hebu niambie, yawezekana naye aliuziwa tu? Kwamba hakujua?"

Jamani, bibi mwenyewe anamsaidia! Reale zimeshakwenda, hakuna tena cha kugombania. Lilibaki neno moja tu: zilikuwa nzima, bibi, mwongo ni mimi. Ataaibika mjini, basi. Mnadhani alisema nini?

"Huenda, bibi."

Akaaga, akaenda zake. Mwezi haukwisha, bibi akafariki. Mnunuzi alikwenda kuzika, akabeba jeneza bega la mbele, na watu wakasema, huyu ni mtu wa watu. Na aliyebebwa mle alikuwa mwanamke aliyekufa na kinyongo na mume asiye na kosa.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi ni hodari wa kutubu kwa Mola wetu, maana Yeye anajua tayari, hatatushangaa. Tunalia juu ya miswala mpaka ndevu zinalowa. Lakini kwenda barazani kwa mtu, ukamwambia kwa kinywa chako, "Nilikudanganya, nisamehe," hapo miguu inakufa ganzi. Na dhuluma ya mja, tumefundishwa, haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe. Yule bwana leo akaombe radhi kwa nani? Kwa udongo?

Na wewe je? Nani ulimchafulia ndugu yake, akamwacha? Nani ulimwambia mkewe hafai, na ulijua anafaa? Wengine wao wako hai, wanaumia hivi sasa tunavyozungumza, na dawa yao iko mdomoni mwako.

Nilitaka nifunge kwa dua. Lakini ambaye ameshamkumbuka mtu wake, asiningoje mpaka amina. Viatu viko nje. Avae, aende.