Obadia na Mjeledi wa Kijiji

Wapendwa, kuna jambo limenisumbua wiki nzima, nikaona nilitungie kisa. Twende nacho mbali, ng'ambo ya bahari, Amerika, zamani zile Waingereza wa kwanza walipokuwa wakihamia kule. Walikuwa watu wa kanisa hasa. Hata watoto wao waliwapa majina ya Agano la Kale. Na mbele ya kanisa lao, karibu kabisa na mlango, walisimamisha nguzo ya kuchapia wahalifu. Mnaona ajabu hiyo? Umetoka kuimba zaburi, unakutana na nguzo.

Mwaka huo baridi ilikuwa mbaya. Theluji ilifunika mashamba, mahindi yote yakawekwa kwenye ghala moja, kila nyumba ikapimiwa kidogo kidogo. Mshona viatu mmoja, Obadia, akavunja ghala akaiba. Akakamatwa. Hukumu ikawa viboko, hadharani.

Lakini mchapaji viboko wa kijiji alikuwa amekufa kwa homa, na hakuna aliyeitaka kazi yake. Hakimu akamwambia Obadia, "Basi shika wewe mjeledi. Uwe mchapaji wetu, na adhabu yako tumeifuta."

Obadia akapiga magoti palepale kwenye theluji. "Mheshimiwa, Mungu akubariki!" Akarudi nyumbani mgongo mzima, analia kwa furaha.

Haukupita muda, akaletwa mjane aitwaye Ketura. Kosa lake? Mahindi. Ghala lilelile. Alikuwa na watoto wadogo na chungu kitupu.

Kijiji kizima kikatoka. Tusiwaite wakatili haraka, wapendwa. Walitaka kujua tu. Huyu mwizi aliyesamehewa, atampigaje mwizi mwenzake? Wewe ungesemaje? Hakimu alidhani anajua. Alimnong'oneza mkewe, "Obadia atampapasa tu. Utaona."

Ketura alipokwisha kufungwa kwenye nguzo, akageuza uso. "Ndugu yangu Obadia," akasema, "wewe unaijua njaa hii."

Obadia akawatazama watu. Halafu akapiga. Alipiga kwa nguvu ambazo hata yule mchapaji marehemu hakuwahi kuzitumia, mpaka wale waliokuja kuangalia wakaanza kuangalia chini. Hakimu mwenyewe alikimbia akamshika mkono.

"Basi! We mtu una nini? Mama huyu amekukosea nini?"

Obadia alikuwa anahema. "Hajanikosea kitu, mheshimiwa. Ila walikuwa wananitazama. Ningempiga taratibu, wangesema wezi wanalindana. Nilitaka wasahau kwamba na mimi niliiba."

Ketura akafunguliwa. Wanawake wakamfunika nguo, wakamchukua kwao, na mgongo wake ulichelewa sana kupona. Je, watu walisahau? Wapi! Tangu siku hiyo, Obadia akipita njiani, akina mama waliwaita watoto: "Ingieni ndani, yule mwizi anapita."

Sasa tuje kwetu. Binti wa kwaya akipata mimba, ni nani anayesimama wa kwanza kudai atengwe? Kijana akikutwa amelewa, ni sauti ya nani inayosikika mpaka barabarani? Chunguzeni, ndugu zangu. Mara nyingi si yule ambaye hajawahi kuanguka. Ni sisi tulioanguka palepale, tukainuliwa kimyakimya, na sasa tunaogopa mtu asije akakumbuka. Mwenzetu yupo kwenye nguzo anatuita ndugu, nasi tunageuka kuangalia watu wanatuonaje.

Hakimu wa kule alimfutia Obadia adhabu, kisha akampa mjeledi. Mungu wetu hafanyi hivyo. Siku alipokufutia yako, mikono yako aliiacha mitupu.

Sasa huo mjeledi ulioushika, umeutoa wapi?