Mchuzi wa Bi Somoe

"Kilicholala majini huamshwa na mchuzi." Mmeisikia jana kwa mama yenu mdogo, mkacheka mkidhani ni maneno ya jikoni. Si ya kucheka. Methali hii ilizaliwa na dhuluma, na mimi kila nikiisimulia damu hunichemka. Haya, tegeni masikio.

Hapa Mzambarauni palikuwa na mpishi wa shughuli, Bi Somoe binti Makame. Alikuwa mjane asiye na shamba wala duka. Riziki yake ilikuwa mkono wake. Harusi, hitima, maulidi, sufuria kubwa zilimngoja yeye. Hakugusa mchele kabla hajanawa hadi viwikoni, na vyombo alivisugua kwa majivu mpaka vikamwonyesha uso wake.

Ikafika harusi ya mtoto wa kaka yake Bi Chausiku, mwanamke ambaye akisema, mtaa mzima hunyamaza. Desturi yetu ya zamani ilikuwa wali wa harusi upikwe jioni, ufunikwe mablanketi usiku kucha, ili wakwe wafunuliwe sufuria ingali na joto. Somoe alikataa. Msimu ule ulikuwa wa joto kali, akaomba apike alfajiri. Bi Chausiku akamjibu kuwa wakwe hawapokewi kwa moshi, akaleta mablanketi yake mwenyewe. Wakwe nao wakachelewa mpaka adhuhuri. Jua halijatua, nusu ya wageni walikuwa wakitapika na kuharisha, na bibi harusi aliingizwa ndani amebebwa.

Alhamdulillahi, hakufa mtu. Lakini je, Bi Chausiku aliyataja mablanketi? Thubutu! Alisimama uani akasema mkono wa Somoe ni mchafu, na pengine una neno zaidi ya uchafu. Na watu waliokula kwa mkono huo miaka nenda miaka rudi wakaitikia, watu wazima na ndevu zao. Wazee wakaamua Somoe asiguse tena sufuria ya watu.

Somoe aliwaka hasira, lakini akaanza kupiga hesabu. Maji ya kunywa ya wageni aliyachemsha yeye, kwa mkono ule ule na moto ule ule, yakalala chini ya mablanketi yale yale. Waliokunywa maji bila kugusa wali walikuwa wazima. Mkono gani huo mchafu unaochagua? Akawaendea wazee, akadai haki yake: sufuria mbili za maji, na Bi Chausiku awepo.

Mbele yao alinawa katika sufuria moja, akamtaka Bi Chausiku anawe katika nyingine. Bi Chausiku alinuna, lakini akanawa. Maji yakachemshwa mpaka yakaruka, yakafunikwa mablanketi yale yale na kuwekwa nyumbani kwa mzee wa mtaa. Siku kadhaa zikapita. Yalipofunuliwa, yalikuwa maangavu, hayana harufu yoyote. Bi Chausiku akatabasamu, akauliza kwani sasa kimethibitika nini.

Somoe aliinuka. Alichukua mchuzi uliokuwa ukitokota jikoni, akatia upawa huku na upawa kule, akafunika tena. Kesho yake blanketi halijatoka vizuri, mzee wa mtaa alikuwa ameshaziba pua. Zilinuka zote mbili.

"Mkono wako na wangu imetoa kitu kimoja," Somoe alisema. "Moto haukukiua. Kililala. Ndani ya maji matupu hakikuwa na cha kuamkia. Kimeonja chakula, kikaamka chini ya blanketi lako. Nilikukataza, Chausiku, ukakataa, kisha ukaniita mchawi."

"Mimi sikutaja uchawi."

"Uliwaachia wenzako wautaje."

Ninyi mnafundishwa shuleni kwamba ni bakteria, kwamba baadhi yao hujifungia ndani ya ganda gumu, wakangoja humo hata miaka, na wakihisi chakula kimefika ndipo ganda hufunguka. Vizuri. Somoe hakuwa na majina hayo. Alikuwa na jina lake tu, nalo walikuwa wamelitupa jalalani.

Wazee walimrudishia sufuria. Bi Chausiku alikwenda nyumbani kwa Somoe kuomba radhi, na radhi akapewa. Angeondoka hapo, tusingekuwa na methali. Lakini akajikalia mkekani, akaanza kunong'ona: fulani ndiye aliyeitikia kwanza siku ile uani, fulani alisema hili, na fulani aliongeza lile.

Somoe akamwinulia kiganja.

"Hasira yangu nimeichemsha mpaka ikatulia. Usidhani imekufa. Nenda kwako, Chausiku, na maneno yako uende nayo. Kilicholala majini huamshwa na mchuzi."